Tupeane uzoefu: mwenza wako alikurekodi faragha bila wewe kujua, ulifanyaje?

Wapendwa, naanza mimi. Mwaka juzi nilikuwa nafuta vumbi juu ya kabati nikakuta simu ya mume wangu, ile aliyoniambia imekufa, imeegeshwa katikati ya mashuka yaliyokunjwa, kamera inatazama kitandani. Ina chaji. Nilikaa sakafuni na kitambaa changu mkononi, miguu imeisha nguvu. Jioni nikamuuliza, akanijibu, "Kwani wewe si mke wangu?"

Jibu hilo liliniuma kuliko hizo video. Kukubali kulala na mtu si kukubali kurekodiwa. Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania inataja nafsi ya mtu, maisha yake binafsi, hata unyumba wake, na inasema "kila mtu". Na sisi tulioolewa tumo.

Nyie ilikuwaje?

Mama Wawili
Pole sana dada yangu. Wangu tulishaachana, akaanza kunitishia: nitume laki tatu au video inaenda kwenye grupu la ukoo. Nikatuma. Wiki ya pili akataka tena. Kosa langu kubwa, kwa aibu nilifuta chati zote. Nilipofika Dawati la Jinsia kituo cha polisi sikuwa na cha kuonyesha zaidi ya muamala wa pesa, na huo muamala ndio ulioniokoa. Nikapewa RB, ile namba ya taarifa ya polisi, akaitwa. Mpelelezi alimsomea kifungu cha 14 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015: ukisambaza ponografia kwa mtandao, faini isiyopungua milioni 20 au jela isiyopungua miaka 7, au vyote. Ubishi ukamwisha. Jamani, msifute kitu! Piga picha za skrini, namba ionekane, tarehe ionekane. Na video yenyewe usimtumie hata shoga yako eti akutunzie.

Wa Kisauni
Poleni. Mie ni mwanamume, niko Mombasa, na yalinifika. Niliona haya kwenda kituoni, nikidhani nitachekwa. Huku Kenya ni Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao ya 2018, kifungu cha 37: kusambaza picha za siri za mtu ni faini hadi shilingi 200,000, au kifungo hadi miaka miwili, au vyote. Hakibagui mwanamume na mwanamke. Kilichonisaidia haraka ni StopNCII, tovuti ya kuzuia picha na video za siri zisisambae. Video inabaki kwenye simu yako, mitandao inayoshirikiana nao inapelekewa alama yake ya kidijitali tu ili iizuie ikipandishwa. Lakini lazima uwe na nakala, na uwe umetimiza miaka 18.

Mwanzisha mada
Asanteni, nimesoma nikilia. Swali langu limebaki. Kifungu cha 14 kinamshika aliyesambaza, na zangu, kwa ninavyojua, hazijatoka kwenye ile simu. Aliyewahi kufungua shauri kwa kurekodiwa tu, kabla hazijasambaa, alianzia wapi?