Kesi ya Livingstone ya mwaka 1880: mwenye makaa ya mawe alilipwa mrabaha tu?

Mwanafunzi wa Nyegezi
Wakubwa, shikamooni. Nasoma sheria hapa Mwanza, na kesi ya Livingstone dhidi ya Rawyards Coal Company, iliyoamuliwa na Baraza la Malodi la Uingereza, mahakama ya mwisho ya rufaa wakati huo, imenikaa moyoni. Kampuni ilichimba makaa ya mawe chini ya kiwanja cha Livingstone huko Scotland ikiamini kwa dhati kwamba ni yake, ikayauza, kisha ikabainika kuwa yalikuwa mali ya mwenye kiwanja. Yeye alidai thamani ya makaa yaliyotolewa, ila akapewa mrabaha, yaani malipo ya mwenye mali kwa kuruhusu makaa yake yachimbwe, pamoja na fidia ya uharibifu wa juu ya ardhi. Haki iko wapi hapo? Babu yangu ana shamba Geita, na kila nikisoma hukumu ile namwona yeye.

Wakili, Kirumba
Marahaba. Anza na kiwanja chenyewe: kilikuwa kama ekari moja na nusu, kimezungukwa na machimbo ya kampuni ileile, kwa hiyo Livingstone asingeweza kuchimba shimo lake mwenyewe kwa faida, na mnunuzi pekee wa makaa yale alikuwa kampuni hiyo. Lord Blackburn, mmoja wa majaji wa kesi hiyo, alieleza kwamba fidia ni kiasi cha fedha kinachomrudisha aliyedhulumiwa mahali ambapo angekuwa kama asingetendewa kosa. Alichopoteza Livingstone, basi, ni bei ambayo angelipwa kama wangekaa mezani mapema, na bei hiyo ndiyo mrabaha.

Isome pamoja na Martin dhidi ya Porter ya mwaka 1839, ambamo mchimbaji aliyechukua makaa ya mwenzake alikataliwa kupunguza kwenye fidia gharama za kuyakata makaa, akaruhusiwa kupunguza za kuyapandisha juu tu. Majaji wa baadaye waliichukua hukumu ile kuwa kipimo cha anayevuka mpaka kwa makusudi. Nia ya mchimbaji ndiyo inayozitenganisha kesi hizi mbili.

Mchimbaji mdogo, Geita
Wakili amefafanua vizuri, lakini mimi naona kampuni yenye wapimaji na ramani haikustahili kupata nafuu kubwa hivyo kwa kutojua kwake.

Kwa habari ya babu, mwanangu, usiibebe kesi ile kama ilivyo. Kwa Sheria ya Madini ya mwaka 2010, dhahabu iliyo chini ya shamba ni mali ya Jamhuri ya Muungano. Anachoweza kudai babu ni ridhaa yake kuombwa, na fidia ya ardhi, mazao na nyumba. Huku kwetu kuna desturi ya kugawana mifuko ya mawe yenye dhahabu kati ya mwenye leseni, mwenye duara (shimo la kuchimbia) na mwenye shamba, lakini mgawo huo unategemea makubaliano. Mwandikishieni mkataba mbele ya serikali ya kijiji kabla duara halijafunguliwa, na mkataba utaje pia njia za chini kwa chini, kwa sababu duara hufunguliwa kwa jirani na mwamba wenye dhahabu ukafuatwa hadi chini ya mihogo ya babu bila yeye kusikia hata nyundo.