Mjadala: Askari wa zamani aliuawa na adui au na wakubwa wake?

Kila akitajwa askari wa kawaida wa karne ya 19, tunaambiwa maisha yake yalikuwa mafupi kwa sababu ya vita, basi. Mimi nabisha. Wengi walikufa bila hata kumwona adui.

Chukueni Uingereza ya miaka ya 1850, tena wakati wa amani. Tume iliyotoa ripoti mwaka 1858, ambayo muuguzi Mwingereza Florence Nightingale aliipigania kufa na kupona, ilikuta askari wa miguu waliokaa kambini kwao wanakufa karibu mara mbili ya raia wa rika lao. Na hao ni vijana waliopimwa afya kabla ya kuandikishwa! Kifua kikuu na homa ndivyo vilivyowamaliza. Walilala wamebanana, hewa nzito, pipa la mkojo humo humo chumbani mpaka asubuhi. Hapo adui ni nani?

Najua nitajibiwa: "Usiwahukumu watu wa kale kwa elimu ya leo, vijidudu vilikuwa havijajulikana." Kwa miaka ile nakubali nusunusu. Lakini njooni mwaka 1900, Vita vya Makaburu, Waingereza walipopigana na Makaburu kule Afrika Kusini. Kijidudu cha homa ya matumbo kilishajulikana miaka 20, chanjo ipo. Jeshi la Uingereza likaifanya hiari, wengi wakaikwepa. Kwenye mapigano ya Paardeberg askari wake wenye kiu wakanywa maji ya mto Modder, uliokuwa ukiteremsha mizoga ya farasi. Baada ya wiki chache mji wa Bloemfontein, waliouteka, ukafurika wagonjwa wa homa hiyo. Waingereza takriban 22,000 walikufa katika vita ile, zaidi ya nusu kwa maradhi. Miaka michache tu baadaye, 1904 hadi 1905, Wajapani walipigana na Warusi, na Wajapani waliouawa kwa silaha wakawa wengi kuliko wenzao waliouawa na maradhi. Sayansi ni ile ile. Wajapani walisimamia maji na usafi.

Kuna jambo moja linanitatiza, siwafichi. Tarehe 31 Machi 1900 Makaburu wa jemadari De Wet waliteka mitambo ya maji ya Sannah's Post, iliyolisha Bloemfontein, mji ukarudia visima vichafu. Aliyekufa kwa homa mwezi uliofuata kauawa na De Wet, au na mkubwa aliyeiwekea mitambo ile ulinzi haba? Na aliyeikataa sindano mwenyewe, tumweke upande gani?