Naomba ushauri: serikali inataka kutusaidia kurudisha kinamasi bondeni mwa shamba letu, tukubali?

Mwana_wa_Bondeni

Wakuu habari zenu. Naomba mawazo ya waliopitia jambo hili au wanaolijua kwa karibu.

Shamba letu ni la kurithi. Karibu theluthi yake iko bondeni, na wazee walichimba mitaro na kufukia mabomba ya kutolea maji ili waweze kulima hadi chini kabisa. Sehemu ya juu inatoa mazao vizuri. Bondeni ni mateso. Mvua zikizidi mbegu zinaoza, trekta linazama hadi ekseli, mbolea inasombwa yote. Zikipungua ndipo tunavuna kitu. Nikipiga hesabu ya mbegu, mafuta na vibarua, kipande kile kinakula faida ya shamba zima.

Sasa afisa wa mazingira amekuja na mpango wa serikali. Wanachangia gharama za kuziba mitaro na kurudisha ardhioevu, halafu wanatulipa kwa kuacha kulima pale. Hati inabaki kwa jina la familia. Ila mkataba ni mrefu, na neno "kudumu" limo kila ukurasa.

Ninayotaka kujua: mbu watatumaliza? Jirani wa juu akifurikiwa nitashtakiwa? Ng'ombe wataruhusiwa kuingia? Na ardhi iliyolimwa miaka yote hiyo inaweza kweli kuwa kinamasi tena, au tutabaki na tope na magugu?

Mimi moyo wangu umeshapenda. Mama anakumbuka vyura na ndege waliokuwa pale kabla ya mitaro. Lakini ndugu zangu wawili wanasita, na haki yao ni sawa na yangu.

Fundi_Mifereji

Mkuu, ukisikia neno kinamasi, usifikirie bwawa. Hapo ndipo miradi mingi inapoharibika: inaletwa katapila, linachimbwa shimo refu lenye kingo zilizosimama wima, maji yanajaa, watu wanapiga picha. Shimo la hivyo halina uhai mwingi. Kinamasi kizuri kina maji haba, sehemu kubwa chini ya nusu mita, na kingo zinazoteremka taratibu kiasi kwamba huoni nchi kavu inaishia wapi. Maji yapande na kushuka kwa misimu. Yanaposhuka na tope kupata jua, ndipo mbegu za mimea ya majini zinapoota.

Kwa hiyo kazi kubwa si kuchimba. Ni kuondoa kile wazee wako walichoweka. Bomba la chini linafukuliwa kipande na kuzibwa, mtaro unakatizwa kwa tuta la udongo wa mfinyanzi lililoshindiliwa vizuri, na mahali maji yanapotokea linawekwa sanduku lenye mbao za kuongeza na kupunguza ili uamue kimo cha maji mwenyewe. Usikubali mchoro usio na hilo sanduku. Bila hilo, kimo kikikosewa mwaka wa kwanza utaishi nacho.

Kuhusu jirani wa juu: kabla hujaziba chochote, jua kama maji yake yanapita kwenye mabomba yako. Mara nyingi yanapita. Ukikata bomba linalobeba maji ya watu wawili, shamba lake linakuwa kinamasi bila yeye kusaini popote, na hapo kesi ni halali kabisa. Dawa yake ni kumwekea bomba lisilo na matundu lipitishe maji yake moja kwa moja hadi ng'ambo, au kuyapokea na kuyatandaza kwenye ardhi yako iliyo chini kuliko yake. Dai vipimo vya kimo vifanywe na mpimaji, usikadirie kwa macho. Bonde linaloonekana tambarare linaweza kuwa na tofauti ya mita nzima.

Mwana_wa_Bondeni

Ramani ya mabomba hatuna. Aliyeyafukia alishafariki.

Fundi_Mifereji

Hiyo ni kawaida. Angalia shamba siku mbili tatu baada ya mvua kubwa: juu ya bomba udongo hukauka mapema na hutoa mstari wa rangi hafifu. Picha za angani zinaonyesha vizuri zaidi, waulize hao wa mradi kama wanazo. Halafu tembea ukingo wa mto utafute midomo ya mabomba, uanzie hapo kurudi juu.

Wakili_Mkulima

Nimeombwa kusoma mikataba ya aina hii zaidi ya mara moja, kwa hiyo niongee kuhusu neno "kudumu".

Serikali hainunui ardhi yako. Inanunua haki moja kati ya haki zako nyingi, yaani haki ya kulima na kutoa maji pale. Haki hiyo ikishauzwa inaifuata ardhi, haikufuati wewe. Watoto watairithi bila hiyo haki. Ukiuza shamba, mnunuzi naye anaupokea mkataba.

Chukua Marekani kama mfano, maana wameufanya kwa muda mrefu. Mpango wao ulianza na sheria ya kilimo ya mwaka 1990, ukaunganishwa na mingine mwaka 2014. Mwenye ardhi anaweza kuchagua mkataba wa kudumu au wa miaka 30. Akichagua wa kudumu, serikali inalipa thamani yote ya haki inayoichukua pamoja na asilimia 75 hadi 100 ya gharama za kurudisha kinamasi. Wa miaka 30 unalipa asilimia 50 hadi 75 ya kile ambacho angepata kwa wa kudumu, na gharama za kazi kwa kiwango hichohicho. Mwenye ardhi anabaki na hati, anaamua nani aingie, anaruhusiwa kuwinda na kuvua, na kodi ya ardhi bado ni yake kulipa. Kukata majani au kuingiza mifugo anaomba ruhusa ya maandishi, na ruhusa hiyo inaweza kukataliwa au kuondolewa.

Mkataba wako si lazima ufanane na huo, lakini maswali ni yaleyale. Je, kuna muda mfupi wa kuchagua? Nani anatengeneza tuta likibomoka mwaka wa kumi? Wakaguzi wanaingia kwa taarifa au wakati wowote? Malipo ni ya mkupuo au ya kila mwaka, na bunge likipunguza bajeti unabaki na nini? Hilo la mwisho watu hulisahau kabisa. Usikubali ujifunge milele kwa malipo ambayo yenyewe hayajafungwa.

Na ndugu zako wawili lazima wasaini. Mkataba wa kudumu juu ya ardhi ya pamoja, uliosainiwa na mmoja, ni ugomvi wa ukoo uliowekewa mhuri.

Jembe_Halilali

Mimi sikubaliani na haya. Ardhi ya kulima inapungua kila mwaka, watu wanaongezeka, halafu tunalipwa ili tusilime? Na serikali hizi hizi ndizo zilizowatuma wazee wetu kukausha. Leo wanasema rudisheni. Kesho watasema nini?

Dada_Kingo

Ndugu Jembe, hoja yako ya pili ni kweli na inafaa isemwe. Marekani bunge lilipitisha sheria mwaka 1849 na 1850 za kugawa vinamasi kwa majimbo ili vikaushwe. Kufikia miaka ya 1980, majimbo 48 ya bara yalikuwa yamepoteza zaidi ya nusu ya ardhioevu yao. Watu hawakuwa wajinga, walitaka chakula na walifuata elimu ya wakati wao. Ni mwaka 1971 ndipo mataifa yalipokutana Ramsar, Iran, na kuandika mkataba wa kuzilinda.

Ila hoja ya chakula siikubali kwa bonde hili. Mwenye uzi amesema mwenyewe pale hapatoi. Shamba linalozaa mwaka mmoja kati ya kadhaa na kusomba mbolea hadi mtoni halilishi mtu. Kinamasi kikiwekwa mahali mabomba ya mashamba ya juu yanapomwaga, bakteria kwenye tope lisilo na hewa hugeuza nitrati, yaani naitrojeni ya mbolea iliyoyeyuka majini, kuwa gesi ya naitrojeni inayorudi angani. Jimbo la Iowa kule Marekani wanajenga vinamasi vidogo kwa kazi hiyo tu, na vinaondoa kati ya asilimia 40 na 70 ya nitrati inayopita. Maji hayo wanakunywa watu wa chini.

Halafu udongo wenyewe. Kama bondeni pana mboji nyeusi nzito, ujue kila mwaka mnaoikausha inaungua polepole kwa hewa na ardhi inashuka. Holme Fen kule Uingereza kuna nguzo ya chuma iliyosimikwa katikati ya karne ya 19 ncha yake ikiwa sawa na ardhi. Leo imechomoza karibu mita 4. Ardhi ile ikiendelea kushuka, mitaro nayo inabidi ishushwe, hadi maji hayana pa kwenda bila pampu. Na Denmark mwaka 2024 wakulima walikaa na serikali na watu wa mazingira wakakubaliana kutoa hekta 140,000 za mabonde ya aina hiyo kwenye kilimo. Wakulima walikuwa mezani.

Jembe_Halilali

Hapo kwenye ardhi isiyozaa nimekuelewa. Lakini basi ichukuliwe hiyo tu. Nimeona mipango inayodai na sehemu nzuri ya juu ili mstari wa ramani unyooke.

Dada_Kingo

Hilo nakuunga mkono. Mpaka ufuate maji, na ukanda wa majani wa kuchuja tope uwe na upana unaoeleweka, si kuchukua tu. Mwana_wa_Bondeni, mstari huo unaruhusiwa kuujadili. Watu hudhani ramani ya afisa ni amri.

Afya_Kwanza

Nijibu la mbu, maana ndilo linalowatisha wengi.

Kwenye joto, mbu hutoka kwenye yai hadi kuruka kwa takriban siku 7 hadi 10. Anachokipenda ni maji yaliyotuama, madogo, yasiyo na adui: tairi la trekta lilipozama, mtaro ulioziba, dimbwi linalojaa na kukauka. Bonde lako la sasa limejaa vitu hivyo. Kinamasi chenye uhai kina watoto wa kereng'ende, mende wa maji na samaki wadogo, na wote hao wanakula viluwiluwi vya mbu. Sisemi mbu wataisha. Watakuwepo, na ikiwa unaishi penye malaria, umbali kutoka nyumbani uwe jambo la kwanza kwenye mchoro, na watu wa afya washirikishwe kabla ya kazi kuanza.

Ombi moja: usiletewe samaki wa kigeni eti wa kula mbu. Wanakula na mayai ya vyura, na wakishaingia hawatoki.

Mbegu_za_Kale

Umeuliza kama ardhi itarudi. Inategemea vitu viwili, na vyote unaweza kuvipima.

Cha kwanza ni udongo. Chimba shimo la kina cha goti bondeni. Ukikuta rangi ya kijivu yenye mabaka ya kutu, udongo ule ulikaa ndani ya maji kwa muda mrefu na bado unakumbuka. Mbegu za mimea mingi ya majini hulala ardhini kwa miongo na huamka maji yakirudi. Lakini si zote. Ndago nyingi za aina nzuri hupotea mapema, na pale palipolimwa sana na kwa muda mrefu akiba ya mbegu huwa nyembamba. Acha msimu mmoja uone kinachoota chenyewe, kisha uongeze kwa kupanda kile kilichokosekana, kutoka kinamasi cha karibu. Kupanda kila kitu siku ya kwanza ni kutupa hela ya mradi.

Cha pili ni mbolea iliyobaki, na hili naomba ulishike. Fosforasi ya miaka yote ya kulima imeshikiliwa na chuma kwenye udongo. Ukizamisha udongo huo, chuma kinaiachia na inaingia majini. Matokeo ni mwani wa kijani juu na aina moja ya matete inayomeza kila kitu. Pima fosforasi kabla. Ikiwa juu sana, ama udongo wa juu ukwanguliwe utumike kujenga matuta, ama upande majani bila mbolea kwa misimu michache, uyakate na kuyatoa nje ya bonde kila mara. Mpe ng'ombe. Inachukua muda lakini inafanya kazi, na ndugu zako watapata nafasi ya kufikiri.

Kuhusu ng'ombe kuingia: wachache, kwa muda mfupi, wakati tope limekauka, wanasaidia kuzuia matete yasizibe. Wengi wakati wote wanageuza kingo kuwa uji. Hilo liandikwe kwenye mkataba tangu mwanzo, kama Wakili alivyosema, usisubiri kuomba baadaye.

Mwana_wa_Bondeni

Nimesoma yote na nimewatumia ndugu zangu. Mmoja ameshasema kama kuna muda mfupi kuliko wa kudumu yuko tayari kukaa. Mvua zinakaribia. Nianze kuziba hata mtaro mmoja mdogo tuone maji yatakaaje?

Fundi_Mifereji

Hapana, usizibe. Mipango mingi ya ruzuku hailipi kazi iliyofanyika kabla ya mkataba kusainiwa, na kugusa mkondo wa maji karibu kila mahali kunataka kibali. Mvua hizi zitumie kupima. Simika vijiti vyenye alama za sentimita sehemu tofauti za bonde, uandike kimo cha maji baada ya kila mvua na siku kinapokauka. Tafuta midomo ya mabomba. Zungumza na jirani wa juu sasa, kabla hajasikia kwa mtu mwingine.

Wakili_Mkulima

Na uombe nakala ya mkataba pamoja na viambatisho vyote. Mara nyingi mpango wa matengenezo na orodha ya yanayoruhusiwa viko kwenye kiambatisho, na ndicho wanachokileta siku ya kusaini.