Mtu asiyetii amri: askari amtazame kwanza, au akirudia mara mbili inatosha?

Mtoto wa Chikongola
Wakuu, salaam. Nimelikalia hili wiki mbili, leo nalitoa.

Mjomba wangu ni mwalimu mstaafu, ana kisukari, anajichoma insulini. Alitoka Magomeni ya hapahapa Mtwara kwenda stendi kumpokea mjukuu anayetoka Newala. Gari ikachelewa, mzee hajala, sukari ikashuka. Waliokuwepo wanasema alikuwa anafungua zipu ya begi na kuifunga, anafungua na kuifunga, shati limelowa jasho mpaka kwenye mkanda. Askari wawili wakamwambia asogee. Hakusogea. Wakarudia, akawajibu maneno ambayo akiwa mzima hathubutu kuyatamka mbele ya watu. Hapo ndipo kirungu cha bega, kofi, na juu ya difenda ya polisi. Kosa: ulevi.

Kituo sikitaji. Aliyemwokoa ni mama anayeuza chai nje ya geti, alifundishwa naye darasa la nne. Ndiye aliyewaambia huyu mwalimu hata togwa iliyolala hanywi, akamnywesha chai ya sukari kikombe kizima kupitia kwenye nondo.

Asubuhi bega limevimba, hospitali wanataka PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi. PF3 inatolewa wapi? Kituo kilekile. Nikaenda kuomba fomu ya kuumizwa kwa waliomuumiza. Wakaandika "ameanguka".

Swali langu ni moja. Askari akikuta mtu hatii, awe na wajibu wa kuangalia kwanza kama ni mgonjwa au kiziwi, au amri ikirudiwa mara mbili basi?

Dereva wa Masasi
Pole mkuu. Ila tusidanganyane. Huu ni msimu wa mabibo, matunda ya mkorosho. Kuanzia Septemba, nenda stendi saa kumi jioni, nusu ya watu wanayumba kwa pombe ya uraka. Askari atajuaje nani ni nani? Halafu nyie ndugu nanyi, mzee ana sukari mnamwachaje azurure peke yake kama mtu asiye na kwao?

Mtoto wa Chikongola
"Asiye na kwao"? Alikuwa anampokea mjukuu wake, tena barua ya mwaliko hakuhitaji kukuandikia wewe. Kwetu mjomba ndiye ukoo. Ukimwita hana kwao umenitukana mimi, mama yangu na bibi yangu kaburini. Futa.

Dereva wa Masasi
Sifuti. Nimesema "kama".

Kijana wa Kinondoni
Kwa hiyo ntu wa Ntwara akiyumba Novemba, askari atoe kipima sukari? Apime uraka kwanza 😂

Bibi wa Mingoyo
Wewe Kinondoni, "ntu" ni kwenu? Mnatuiga midomo halafu korosho zetu mnazitafuna. Hata hilo jina la machinga mnaloita kila anayeuza soksi Kariakoo ni la watu wa Lindi, wenye kabila lao na makaburi yao. Mzee wa watu kapigwa, wewe unacheka lafudhi.

Kijana wa Kinondoni
Bibi shikamoo. Ilikuwa utani.

Bibi wa Mingoyo
Marahaba. Utani una watani. Mimi na wewe hatutaniani.

Mkinga Mvuke
Naomba nirekebishe, maana watu wa bara mnachanganya. Uraka ni maji ya mabibo yaliyokamuliwa yakaachwa yachachuke. Ile kali inayochemshwa na kukingwa mvuke ni nipa, na hiyo ndiyo inayolaza watu mitaroni. Aliyekunywa uraka unamnusa hatua kumi, ananuka bibo mpaka kwenye kofia. Askari mzaliwa wa huku hawezi kukosea. Alikosea kwa sababu hakunusa.

Dereva wa Masasi
Uraka wa siku ya tatu unalaza vilevile. Usitudanganye.

Mkinga Mvuke
Siku ya tatu si uraka tena, ni siki. Wewe unauziwa na nani?

(Mnakili wa uzi: hapa zilipita posti kumi na kitu za bei ya ndoo na nani anachanganya na maji. Nimezisoma zote, sijutii, ila sizirudii.)

Nesi wa Zamu
Samahani niingilie wazee wa ndoo. Kunusa nako kunadanganya. Mwenye kisukari ambaye sukari imepanda sana na mwili umeanza kuunguza mafuta, pumzi yake inanuka matunda yaliyochachuka, wengine husema kama dawa ya kutolea rangi ya kucha. Ukimnusa Novemba hapa kwetu utaapa ni uraka. Na huyo anaweza kufa mikononi mwako kabla hakujapambazuka.

Aliyeshuka kama mwalimu ni mwingine. Jasho, kutetemeka, hasira za ghafla, maneno yasiyoeleweka, kazi moja anairudiarudia kama hiyo zipu. Kipimo cha sukari kikisoma chini ya 4 (mmol/L) umeshapata jibu. Kama anameza, mpe nusu glasi ya soda ya kawaida, subiri dakika 15, pima tena. Asiyeweza kumeza usimtie kitu mdomoni, kimbiza hospitali.

Kifafa pia. Mtikisiko ukiisha mtu hubaki dakika kadhaa hajui yuko wapi, na ukimkaba wakati huo atakurusha. Si ubishi, ubongo haujarudi. Kumlaza kifudifudi na goti mgongoni ni kumnyima pumzi. Huhitaji udaktari kujua hayo, ni somo la mchana mmoja. Ila kwa askari wetu hata kusoma kadi ya kliniki ni mtihani.

Afande Mstaafu
Nesi, nilikuwa nakusoma vizuri mpaka sentensi ya mwisho. Nimesoma. Nimefika kidato cha sita, nikaenda chuo cha polisi Moshi, nikalitumikia jeshi la polisi miaka 31, na barua za wananchi wasiojua kuandika nimewaandikia mimi kaunta. Msituite mbumbumbu.

Niwape moja. Usiku, barabara ya vumbi, mtu kasimama katikati na panga. Wanakijiji wanasema ni mgonjwa wa akili, nendeni polepole. Mwenzangu akaenda polepole, mikono juu, anamwita "baba, baba". Ana kovu kutoka sikioni mpaka kidevuni, na sikio hilo halisikii mpaka leo. Yeye hajaanzishiwa uzi na mtu.

Nesi wa Zamu
Afande, kwa hilo la kusoma samahani. Mengine yote je?

Afande Mstaafu
Samahani imepokelewa.

Wakili wa Porini
Mwalimu hakuwa na panga, alikuwa na begi. Tusiazime hatari ya mtu mwingine tukamvika yeye.

Sheria ipo. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inaruhusu nguvu kwa anayepinga kukamatwa, lakini kifungu cha 12 kinasema aliyekamatwa asibanwe zaidi ya kinachohitajika asitoroke. Mzee asiyeweza kufunga zipu anatorokea wapi? Katiba ibara ya 13(6)(e) inakataza mateso na kumdhalilisha mtu. Sheria ya Afya ya Akili ya 2008 nayo haimwachi askari na kirungu peke yake, inamtambua katika kumfikisha mgonjwa hospitali. Na kuna Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2012.

Mtu wa Faili
Ni 2010, wakili. Namba 9 ya 2010. Na mkataba wa kimataifa wa haki za watu wenye ulemavu tuliuridhia 2009. Kama tarehe unakosea, vifungu tuviamini vipi?

Wakili wa Porini
Kalamu imeteleza. Vifungu nimevisoma asubuhi hii.

Mtu wa Faili
Kalamu ya simu haitelezi.

Kijana wa Kinondoni
Sasa kisukari ni ulemavu? Maana mada inasema wagonjwa, wakili anasema walemavu, bibi anasema machinga. Suluhisho rahisi: mwenye ugonjwa avae bangili au kadi shingoni. Askari anasoma, kazi imeisha.

Bibi wa Mingoyo
Avae kengele kabisa, kama mbuzi.

Fundi Cherehani
Mimi ni kiziwi. Nashona hapa Lindi mjini miaka kumi na tatu. Tangu asubuhi nasoma "amri ikirudiwa mara mbili". Kwangu hata mara mia ni sawa na mara sifuri. Kadi ninayo, iko mfuko wa nyuma. Niambieni: askari yuko nyuma yangu anapiga kelele, ghafla naona vivuli, nageuka, napeleka mkono nyuma kuchukua kadi. Yeye ataona nini?

Mwaka 2017, Oklahoma City, Marekani, kiziwi alipigwa risasi na polisi nje ya nyumba yake akiwa na kipande cha bomba mkononi, majirani wanapiga kelele kuwa hasikii. Askari walikuwa wanasikia, wale.

Mimi huwa nikiona sare naacha mkasi, naweka mikono mezani. Nimemfundisha na mwanangu, na yeye anasikia vizuri tu.

Dereva wa Masasi
Ya Marekani waachie Marekani. Huku askari hawana mambo hayo ya kufyatua fyatua.

Mkinga Mvuke
Huku? Mwezi Juni mwaka huohuo 2017, pale Dar, madereva wa bajaji wenye ulemavu walikusanyika kulalamika kuzuiwa kuingia katikati ya jiji. Walitawanywa kwa nguvu. Watu wa magongo na viti vya magurudumu. Picha ziliingia kila simu.

Dereva wa Masasi
Si ilikuwa 2015, wakati wa kampeni?

Mtu wa Faili
2017. Mkinga Mvuke yuko sahihi kwa mara ya kwanza tangu uraka.

Dereva wa Masasi
Wale walifunga barabara. Mimi ninayekaa foleni na abiria na kuku najua barabara ikifungwa inakuwaje.

Afande Mstaafu
Niseme jambo moja halafu nikalale. Vituoni kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Lilipoanza tulilicheka, tukasema ni kazi ya kina mama. Leo askari anayempigia kelele mtoto aliyebakwa anaonekana mshamba. Dawati halikuja kwa askari kuwa na huruma ghafla, lilikuja kwa sababu iliamriwa, pakawekwa chumba na mtu wa zamu. Hili la wagonjwa hakuna aliyeliamrisha kwa namna hiyo. Kijana wa zamu ana kirungu, pingu na kitabu cha matukio. Kwenye kitabu kile ukiandika "mlevi" umemaliza, ukiandika "mgonjwa" lazima utafute gari, mafuta na mtu wa kumsindikiza.

Nesi, bei ya hicho kipimo?

Kijana wa Kinondoni
Afande kaenda kulala kweli au kakimbia?

Bibi wa Mingoyo
Mleta mada, ile PF3 mmebadilishiwa?

Mtoto wa Chikongola
Bado. Nimekwenda mara tatu. Wanasema aliyeandika yuko likizo.