Mnaopakia makontena hovyo, siku mtaua watu na lawama atabeba dereva

Wakuu, nimechoka na watu wanaojaza kontena, wanapiga sili (lakiri ya mlangoni), halafu wanamkabidhi dereva karatasi na kumwambia "haya, nenda".

Juzi nimepewa la futi 40. Nyaraka safi kabisa, uzito uko ndani ya kiwango. Natoka getini tu, trela limelala kulia. Nampigia mwenye mzigo, ananijibu: "Si limepita mizani? Sasa shida nini?" Shida ni kwamba mizani inakupa jumla! Haikuambii mzigo umelala ubavu gani. Tani 20 zilizotandazwa vizuri na tani 20 zilizorundikwa upande mmoja zinasoma namba ileile, tofauti yake utaikuta kwenye kona.

Na kufungua siruhusiwi. Sili ikikatika ni kesi, mzigo ukipungua mwizi ni mimi. Lori likipinduka je? "Dereva alikuwa kwenye mwendo kasi." Hata kama alikuwa anatambaa.

Msiniambie kuna sheria, naijua. Tangu 1 Julai 2016, chini ya SOLAS, mkataba wa kimataifa wa usalama baharini, kontena lenye mzigo halipandi melini bila uzito uliothibitishwa. Ama upime kontena zima likishajaa, ama upime kila kilichoingia ujumlishe na uzito wa kontena tupu. Hiyo ya pili ndiyo kichaka chao: wananakili orodha ya mizigo, paleti na mbao hawazihesabu, wanasaini. Kabla ya sheria ilikuwa balaa zaidi. Meli ya MSC Napoli ilipopasuka Januari 2007, makontena ya sitahani yaliyobaki makavu yalipimwa upya, na karibu moja kati ya matano lilipishana na karatasi yake kwa zaidi ya tani 3!

Sasa kwenye upangaji, ambako ndiko kunakotuua sisi wa barabarani, kuna mwongozo wa mwaka 2014 wa vyombo vitatu vya Umoja wa Mataifa: IMO (bahari), ILO (kazi) na UNECE (uchumi wa Ulaya). Unasema nusu moja ya urefu wa kontena isibebe zaidi ya asilimia 60 ya mzigo. Lakini ni mwongozo tu, hivyo nani anausoma? Fokolifti inasukuma paleti, inaziacha zilipofikia. Hakuna mikanda, hakuna mbao za kuzuilia. Mzigo unajipanga wenyewe njiani, mimi nikiwa kwenye usukani. Wanaobeba vibamba vya mawe wananielewa.

Ninachodai ni kidogo: picha za ndani kabla milango haijafungwa, ziambatane na nyaraka. Simu zenye kamera wanazo. Bosi anasema nikidai hivyo wateja watahamia kwa wengine. Sawa, bosi, ila trela halali kulia ofisini kwako.

Madereva wenzangu, kuna aliyewahi kukataa kontena na kibarua kikabaki? Alifanyaje? Na kama kuna mpakiaji humu, ajibu, asipite kimyakimya.