Nalipwa kwa tripu, dizeli inaungua kwa saa. Wenye vijiko njooni hapa!

Wakuu, heshima zenu. Uzi ni mrefu na nina hasira, asiyependa apite.

Nina kijiko kimoja, yaani mashine ya kuchimbia udongo, Komatsu PC200 ya tani 20, mtumba wa Japani. Nilikinunua kwa hela ya kiwanja nilichouza na deni juu yake. Miezi miwili sasa kipo saiti moja huku Goba, Dar, tunakata kilima, kifusi kinasombwa kupitia Madale kwenda Tegeta. Makubaliano na mkandarasi (simtaji, bado namdai): nalipwa kwa tripu, opareta wangu, dizeli juu yangu. Aliahidi tipa nane. Zimekuja nne, na katika hizo nne haipiti siku moja haijapata pancha.

Mwisho wa mwezi wa kwanza nikafunga hesabu, nikakuta nimemfanyia kazi mwenye sheli. Nikamfuata foromani. Akanijibu bila hata kunyanyua macho kwenye simu: "Mzee, kijiko chako kinakula mafuta, kipeleke kwa fundi."

Na mimi nikapeleka. Nozeli zikapimwa, filta za dizeli zikabadilishwa, filta ya hewa ikatolewa imejaa vumbi kama mto wa pamba, hilo sibishi. Jamaa mwingine akaniuzia sumaku ya kufunga kwenye bomba la mafuta, eti inapunguza ulaji kwa robo nzima. Sumaku, wakuu! Na shule nimeenda. Nikafunga, nikajaza tenki, nikapima, ulaji uleule. Sasa hivi ipo nyumbani, imebana karatasi za madeni kwenye mlango wa friji.

Wiki iliyopita nikaamua nishinde saiti siku tatu na daftari na saa ya simu. Hapo ndipo nilipopandwa na mashetani.

Tipa inaingia. Baketi kumi na tatu, dakika tano na ushee, imejaa, imeondoka. Halafu hakuna tipa. Dakika kumi. Kumi na tano. Kijiko kinaunguruma. Opareta kafunga kioo, kiyoyozi kinapuliza, simu ipo kwenye chaji, anaangalia mpira wa marudio. Ungedhani basi angalau kipo silensa, injini inazunguka polepole. Wapi! Mzunguko wa injini kauacha juu kabisa, modi ya P (ya nguvu), na kile kitufe cha kushusha mzunguko wa injini chenyewe mtu akiachia mikono amekizima, kwa sababu "kinachelewesha, bosi".

Siku hiyo injini iliwaka masaa 10. Tripu 27. Ukijumlisha muda wa kuchimba na kupakia hayafiki masaa mawili na nusu. Yaliyobaki yote tunachoma dizeli kusubiri tipa zilizokwama kwenye foleni Tegeta. Jioni nilirudishia tenki lita 104. Kijiko cha tani 20 kikichimba kwa nguvu kinakula kama lita 15 kwa saa, kwa hiyo kazi yenyewe haikufika hata lita 40. Lita 60 na zaidi zimekwenda kuwapasha joto kunguru wa Goba. Piga mwenyewe kwa bei ya sheli ya mtaani kwako. Na mita ya masaa haijui kuchimba wala kusubiri, inahesabu tu, kwa hiyo hata oili naimwaga kabla ya wakati wake kwa kazi ambayo haikufanyika.

Nikamuuliza opareta kwa nini hazimi. "Ukizima-zima turbo inakufa." Turbo inataka injini ikae silensa dakika tatu mpaka tano ipoe baada ya kazi nzito. Nusu saa ametoa wapi? Ila nisimwonee kijana wa watu. Saa saba mchana kwa jua letu hili, kile kibanda cha vioo ukizima kiyoyozi ni tanuri. Nikanunua turubai na miti minne, nikamtengenezea kivuli na benchi. Gharama yake haikufika hata dizeli ya siku moja.

Siku ya tatu tukabadilisha. Tipa ikichelewa, dakika tano za silensa halafu zima. Modi ya E, ya kubana mafuta. Kijiko tukakipandisha juu ya tuta, tipa ikae chini yake karibu, mkono usizunguke nusu duara kumwaga baketi moja. Kupakia kukashuka mpaka dakika nne. Jioni: tripu 28, lita 58. Mashine ileile, nozeli zilezile.

Sasa sikieni kilichoniudhi. Saa tisa alasiri foromani anafika, anakuta kimya, anafoka mbele ya vibarua kwamba nimesimamisha kazi! Kazi ipi wakati hakuna tipa hata moja? Kwake yeye moshi ndiyo kazi. Mhandisi mshauri akipita asikie mngurumo, picha zipigwe, roho zitulie. Akaandika kwenye ripoti ya siku kwamba mashine haikuwa kazini masaa matano, na anataka nikatwe. Nikatwe nini, wakati nalipwa kwa tripu?

Na usiku kuna wenzetu wa madumu. Naambiwa nijaze tenki jioni ili unyevu usigeuke maji ndani ya mafuta, ni kweli kabisa, lakini aliyeandika hivyo hajawahi kulaza mashine saiti Dar. Nilijaza Ijumaa, Jumamosi asubuhi kijiti cha kupimia kinaonyesha limetoka dumu zima na chenji, kufuli limefungwa vizuri tu. Mlinzi hajui kitu.

Sijagusa bei bado. EWURA, wale wanaopanga bei za mafuta, wakitangaza bei mpya Jumatano ya kwanza ya mwezi mimi huwa sili vizuri. Kila lita imebeba tozo ya barabara, na ile shilingi 100 iliyoongezwa 2023 juu yake, wakati kijiko changu hakikanyagi lami, kinabebwa na lobedi, lile trela la kubebea mashine. Hilo tuliache, lina uzi wake.

Ninachotaka kujua kwa wenye mashine: mikataba yenu ina kipengele cha muda wa kusubiri? Mnakiandikaje ili mkandarasi asikiruke? Na kuna yeyote aliyewahi kulipwa kwa tipa zilizoahidiwa zisifike?

Kesho saa moja asubuhi nipo saiti, ufunguo nimerudi nao mimi mwenyewe. Foromani akitaka mngurumo alete zile tipa nne alizobakiza.