Kinywa kinanuka kila siku hata baada ya mswaki: ni meno au ugonjwa wa ndani?

Swali
Wakuu, mtu anapiga mswaki asubuhi na usiku, meno hayaumi, lakini kinywa kinanuka miezi sasa. Kila anayemuuliza anamwambia "ni tumbo". Atajuaje harufu inatoka wapi? Na ahofie kisukari au figo wakati gani?

Jibu la 1
Tumbo linasingiziwa mno. Njia ya chakula hukaa imefumba muda mwingi, na kwa walio wengi chanzo kimo humo humo kinywani. Afanye hivi: afumbe mdomo, atoe pumzi puani, mtu anayemwamini anuse. Kisha abane pua, atoe kwa mdomo. Ikinuka ya mdomo tu, atazame ulimi, fizi na tonsili. Ikinuka ya pua tu, ni pua au sainasi (matundu ya hewa ndani ya mifupa ya uso). Zikinuka zote mbili sawasawa, hapo ndipo pa kufikiria mapafu au kitu kilichomo kwenye damu.

Akiwa peke yake, achukue kijiko, akwangue ulimi nyuma kabisa, asubiri sekunde chache, anuse ule utando. Bakteria wa pale huozesha protini na kutoa gesi za salfa, ndiyo maana unanuka yai viza. Mswaki wa meno peke yake hauugusi.

Jibu la 2
Naongezea fizi. Meno kutouma si ushahidi wa chochote, fizi huoza kimyakimya. Apitishe uzi kati ya magego, aunuse. Ukitoka na damu au uvundo, aende kwa daktari wa meno akakwanguliwe ukoga, maana ukishaganda hautoki kwa mswaki. Fizi zinazovimba kila mara ni sababu tosha ya kupima sukari.

Akipewa dawa ya kusukutua ya klorheksidini ya asilimia 0.2, ni mililita 10, dakika moja, mara mbili kwa siku, isizidi wiki mbili bila ushauri kwa sababu hutia meno madoa. Asisukutue mara tu baada ya dawa ya meno, povu lake huidhoofisha. Apishanishe nusu saa.

Jibu la 3
Kuhusu hofu yenyewe: pumzi inayonuka matunda yaliyoiva kupita kiasi, pamoja na kiu kali, mkojo mwingi, kutapika au kuhema kwa nguvu, ni dalili ya hatari ya kisukari, hospitali saa hiyohiyo. Asingoje asubuhi. Pumzi ikinuka mkojo na miguu ikivimba, apimwe kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo. Ila figo huanza kuharibika kabla harufu haijatokea, kwa hiyo pumzi safi isimtulize mwenye presha au kisukari.

Kwa mtoto mdogo mwenye kamasi lenye uvundo tundu moja tu la pua, mara nyingi ameingiza kitu humo. Msichokonoe nyumbani, kitazama zaidi.

Muuliza swali
Asanteni. Anameza dawa ya mzio kila usiku, inahusika?

Jibu la 2
Yaweza sana. Nyingi hukausha mate, na mate ndiyo yanayosafisha kinywa. Asiache ghafla, amuulize aliyemwandikia kama ipo mbadala.